Duara la Mita Hamsini

Kazi yangu ni kuandika ninachoambiwa. Naitwa Wilhelmina, nakaa Mkuyuni, na yeyote anayenijua atakwambia kwamba nina mdomo na hasira zangu ziko karibu. Sasa chukua mtu wa aina hiyo, mpe kazi ambayo sheria yake ya kwanza ni kunyamaza, uone atakavyohangaika. Mimi nimehangaika nayo miaka kumi na moja, nimesimama nyuma ya mgongo wa mtu mmoja, mzee Luhende wa Kisesa. Ni habari zake ninazotaka kuzisema, kwa sababu zimenikaa rohoni na tangu zitokee situlii.

Tunahesabu ndege. Ng'ambo ya Magu, upande wa ziwa, kuna kinamasi cha mafunjo marefu kuliko mtu. Humo ndani ndege humwoni, unamsikia tu. Kuna vituo ishirini na vinne, na kila msimu tunavipitia vyote. Msikilizaji anasimama kituoni, anafumba macho, anasikiliza dakika kumi. Akisikia ndege anamtaja: jina, umbali, upande. Mwandishi yuko nyuma yake, anaandika. Mwandishi akisikia ndege ambaye msikilizaji hakumtaja, hayo ni yake. Haandiki, hanyooshi kidole, hakohoi. Walitueleza sababu, na sababu ina maana: ukimsaidia leo na kesho usimsaidie, hesabu za siku hizo mbili huwezi kuzilinganisha. Mwandishi hasikii, ndivyo tulivyofundishwa, nami nilitia saini.

Luhende alijifunza ndege hao akiwa mtoto, akichunga ng'ombe wa baba yake ukingoni mwa kinamasi hichohicho. Ng'ombe akiingia kwenye mafunjo humfuati kwa macho, na mtoto aliyerudi nyumbani na ng'ombe pungufu alijua kinachomsubiri. Kwa hiyo alikua anasikiliza. Alikuwa anajua ndege gani anapiga kelele ng'ombe akimkaribia, na yupi anaendelea kuimba kama vile hakuna kilichotokea. Ukubwani akaenda kufanya kazi kiwanda cha kuchambua pamba, akasimama kando ya mashine miaka kumi na minne. Aliwahi kunisimulia kwamba mle ndani watu walikuwa wanaongea kwa mikono, na Jumapili kanisani masikio yalikuwa bado yanavuma. Alinisimulia huku anacheka, nami nikacheka.

Kiwanda kilipofungwa akarudi kulima. Siku moja watu wa mradi wa kuhesabu ndege wakaja kinamasini na darubini zao shingoni, wakawa wanazunguka wanatafuta ndege kwa macho. Luhende akasimama pembeni na jembe lake, akawaambia pale walipo pana ndege saba, akawataja mmoja mmoja na mahali walipo. Wiki iliyofuata alikuwa ameajiriwa.

Mimi nilitokea mwaloni, kwenye soko la samaki. Nilikuwa karani wa mizani, naandika kilo za dagaa huku watu kumi wananipigia kelele kwa pamoja, na sikosei. Mradi ulitaka mtu anayeandika haraka kwa kusikia na ambaye mwandiko wake unasomeka. Basi nikapewa ubao wa kuandikia, fomu, na saa ya mkononi inayolia pi-pi dakika kumi zikiisha.

Na huyo mzee alikuwa mkali, nakwambia. Koti langu la nailoni alilikataa siku ya kwanza kwa sababu linachakarisha. Tukifika kituoni tulikaa kimya dakika mbili kabla ya kuanza, ndege wasahau kwamba tumekuja. Alitaka tuanze saa kumi na mbili alfajiri, hewa imetulia na kila dume anaimba, kwa sababu ikifika saa tatu upepo wa ziwa unaamka, mafunjo yanaanza kusuguana, na hapo umeshachelewa. Alinifundisha kwamba ndege akikupa mgongo sauti inapungua hadi utadhani amesogea. Vyura, pampu za maji, malori ya barabara ya Musoma, vyote aliniambia niviandike. Fomu ina safu ya upepo, safu ya mawingu na safu ya kelele. Safu ya masikio ya msikilizaji haimo.

Ndege tuliyekuwa tunamfuata hasa ni mdogo, wa rangi ya manjano, anakaa kwenye mafunjo tu. Sauti yake ni nyembamba mno, ndiyo maana sisi wawili tulimwita sindano. Kitabuni ana jina refu, lakini kwenye maongezi yetu ni sindano. Na huyo sindano ndiye aliyekuwa anakishikilia kinamasi kizima. Wilaya ilikuwa na mpango wa kukigawa kiwe majaruba ya mpunga, na makubaliano yalikuwa kwamba maadamu sindano yupo, kinaachwa. Asipokuwepo, basi, watu walime.

Miaka ya mwanzo Luhende alikuwa anataja sindano arobaini, arobaini na wawili. Halafu tukapelekwa semina. Mkufunzi akatusema vibaya mbele ya watu, kwamba tunahesabu ndege wa mbali mno. Kuanzia siku hiyo ni duara la mita hamsini kuzunguka msikilizaji, na aliye nje ya duara hata aimbe namna gani hatajwi. Msimu ule sindano wakashuka wakawa thelathini na tatu. Uliofuata ishirini na tisa. Halafu ishirini na mmoja, kumi na wawili, watano.

Mimi nilikuwa nawasikia. Nisikudanganye, nilikuwa nawasikia wote, kushoto na kulia, nimesimama na kalamu yangu kama sanamu. Na nilichokuwa najiambia ni hiki: huyu mzee amekuwa mkali kupita kiasi. Wale aliotukanwa kwa ajili yao amewaweka wote nje ya duara. Umbali anaupima yeye, mimi ni nani? Wakati mwingine sindano alikuwa anaimba karibu kabisa nami nikasema moyoni, aa, kumbe sauti inadanganya, huyo atakuwa yuko mita sitini. Nilimheshimu kwa ukali wake. Nilifika mahali pa kujisifia kwa watu wa ofisini, kwamba mzee wangu hacheki na mtu, ndege akiwa mita hamsini na moja hapiti.

Yeye alikuwa anaona mambo mengine. Alikuwa anaona ndege wanakwisha. Alianza kusema ni dawa za mpunga, ni pampu. Mdogo wake, Yakobo, ana majaruba pale ukingoni na pampu ya dizeli, na mbele ya mkutano wa kijiji Luhende alimnyooshea kidole akasema huyu ndiye anayewaua. Ndugu wa tumbo moja wakaacha kusalimiana. Msimu wa mwaka jana tulipomaliza kituo cha mwisho alikaa chini kwenye majani yenye umande, akasema amezaliwa na hawa ndege na sasa watamtangulia. Nilimhurumia. Lakini ninachokumbuka zaidi, na kinachonichoma mpaka leo, ni kwamba wakati anasema maneno hayo sindano wawili walikuwa wanaimba nyuma yake.

Mwaka huu tulianza Jumatatu, na hadi Jumatatu ya pili tunamaliza kituo cha ishirini, sindano walikuwa sifuri. Ripoti ilitakiwa itoke Ijumaa. Precious, binti anayesimamia takwimu ofisini Mwanza, alishanipigia kuuliza kama ni kweli, maana ameshaanza kuandika kwamba ndege huyo ametoweka.

Jumanne asubuhi tukawa kituo cha ishirini na moja. Hewa shwari, hakuna upepo, hakuna pampu. Luhende akafumba macho, nikabonyeza saa. Dakika ya pili sindano akaja akatua kwenye bua la funjo mbele yetu. Sisemi mita hamsini. Namaanisha ukinyoosha fimbo ya kuchungia unamgusa. Nikamwona kifua kikitetemeka, mdomo wazi, anaimba. Akaimba dakika zote nane zilizobaki. Mzee amesimama, macho amefumba, uso umetulia, kimya.

Saa yangu ikalia pi-pi. Hakufumbua macho mpaka nilipomgusa bega. Na hapo ndipo nikakumbuka kwamba ni miaka sasa namgusa bega, wakati zamani saa ikilia tu alikuwa ananyoosha mkono mwenyewe.

"Andika sifuri," akasema.

Nikaandika. Mkono wangu uliandika, lakini kichwa kilikuwa kinawaka moto.

Sikusema kitu siku ile. Kituo cha ishirini na mbili tulikipita sijui namna gani. Tuliporudi Magu kunywa chai nikajifanya natengeneza saa, nikaiweka nyuma ya sikio lake ikalia mara tatu. Watu wa meza ya jirani waligeuka. Yeye alikuwa anaendelea kukoroga sukari na kunieleza kuhusu bei ya pamba. Nikajisikia vibaya kama mtu aliyepekua mfuko wa mwenzake.

Kuanzia hapo nikawa sikai, sisimami. Nimwambie nani, na nimwambie nini? Nikimwambia yeye, namuua, maana huyu mtu ni masikio yake, hana cheti cha shule, hana shamba la maana, popote anapokaa anaitwa mzee wa ndege. Nikimwambia Precious bila yeye, mimi ni mchongezi. Nikinyamaza, Ijumaa kinamasi kinakwenda na ndege wamo ndani wanaimba. Nilimgombeza dereva wa bodaboda kwa kosa ambalo sikumbuki. Nilimpigia simu mwanangu Obedi nikamsema kuhusu vyombo ambavyo alishaviosha. Nililala nikaamka nikalala.

Jumatano mvua ilinyesha, hatukuhesabu. Mzee akabaki Magu. Nikamwambia nafuata dawa Mwanza, nikashuka Kisesa kwa mke wake, Ng'washi. Tukasalimiana, akaniwekea kiti, na kabla sijamaliza uji nikamuuliza mzee anaendeleaje nyumbani. Ng'washi si mtu wa kuzungukwa. Alisema mume wake anamlaumu kwamba siku hizi anaongea kwa kunong'ona, na redio anaifungulia mpaka majirani wanajua habari. Alishamwambia aende hospitali mara mbili, akajibiwa kwamba mtu anayelipwa kwa kusikia hawezi kufundishwa kuhusu masikio na mtu anayepika. Alisema alikuwa anasubiri mtu wa kazini amwambie, na miaka ilikuwa inapita hakuna anayesema, akadhani labda kazini anasikia vizuri. Mimi nikaangalia uji wangu. Nilitamani aninase kibao, ingekuwa nafuu.

Alhamisi vilibaki vituo viwili. Cha ishirini na tatu kilikuwa na upepo kidogo, sindano mmoja kwa mbali. Sifuri. Cha ishirini na nne ni pale ukingoni, nyuma ya majaruba ya Yakobo. Pampu ilikuwa imezimwa. Sindano walikuwa watatu, wanajibizana. Nilisimama dakika kumi nikiwa nimeshika kalamu kwa nguvu hadi vidole vikauma. Nilisubiri saa ilie, kwa sababu sheria ni sheria mpaka saa ilie. Ikalia. Nikamgusa bega.

"Sifuri," akasema.

Nikaandika sifuri, nikatia saini, nikafunga ubao. Halafu nikapiga moyo konde.

"Mzee, sindano wapo."

Akaniuliza wapi. Nikamshika mabega nikamgeuza, nikamwonyesha bua. Ndege alikuwa hapo, manjano, mdomo wazi. Luhende akamtazama. Akainamisha kichwa upande mmoja, halafu upande mwingine, kama alivyokuwa anafanya siku zote anapopima umbali. Akasogea hatua moja, akasogea ya pili, mpaka maji yakaingia kwenye viatu. Ndege akaendelea kuimba.

"Anaimba?" akauliza.

"Anaimba sasa hivi."

"Na wewe unamsikia."

"Namsikia, mzee. Na wengine wawili huko nyuma. Siku zote nawasikia."

 Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi, na kusema kweli nilikuwa na majibu yangu tayari. Akageuka akaniuliza, taratibu kabisa, kama nilikuwa nawasikia hata mwaka jana. Nikasema ndiyo. Na mwaka juzi? Ndiyo.

"Ukanyamaza, Mama Obedi."

Hapo nikapandwa na hasira, hasira za mtu mwenye kosa, ambazo ni mbaya kuliko zote. Nikamwambia sheria ndiyo inanifunga mdomo, na yeye mwenyewe ndiye aliyenifundisha kuishika, mwaka wa kwanza alininunia siku mbili kwa sababu nilikohoa. Nikamwambia nilidhani anawaacha nje ya duara. Nilidhani ni ukali. Ningejuaje kwamba mtu mwenye masikio kama yake hasikii? Nilisema mengi, na nusu yake sitaki kuyarudia. Nilipoishiwa pumzi nikaanza kulia, mimi ambaye silii ovyo.

Yeye hakuwa ananisikiliza. Alikuwa bado anamwangalia ndege.

"Kwa hiyo hawakuondoka," akasema.

Akalisema mara ya pili kwa Kisukuma, peke yake. Kisha akatoka majini, akapita kwenye tuta la jaruba, akaenda moja kwa moja hadi kwenye kibanda cha pampu ambako Yakobo alikuwa anafunga bomba. Mimi nilibaki mbali, mambo ya ndugu hayana mwandishi. Niliona tu Luhende anavua kofia. Yakobo hakunyanyuka mara moja. Alimaliza kufunga bomba, akafuta mikono, halafu ndipo akampa mkono.

Ijumaa saa mbili asubuhi tulikuwa ofisini. Njia nzima kutoka Magu hakusema zaidi ya maneno matano, na mimi nilikuwa nahesabu nguzo za umeme ili nisiongee. Precious akatuamkia shikamoo, akatuletea viti, akasema vizuri mmekuja, anahitaji tu saini zetu. Luhende akabaki amesimama. Akamwambia aongee kwa sauti na amtazame usoni, kwa sababu yeye ni kiziwi wa sauti nyembamba, na ripoti aliyonayo ni ya uongo japo hakuna aliyedanganya.

Yule binti ni msomi lakini ana utu. Alifunga mlango. Akaniuliza mimi, nikaeleza, mita tatu, nne, mdomo wazi, dakika nane. Akawa anagonga kalamu mezani anafikiri. Akasema inaweza kutengenezwa bila kumwaibisha mtu. Tufute mwaka huu na mwaka jana, tuseme kulikuwa na hitilafu, miaka mingine ibaki. Niliona njia inafunguka, nikasema moyoni, chukua, mzee, chukua. Miaka miwili tu, na jina lako linabaki.

"Futa kuanzia mwaka wa semina," Luhende akasema.

Precious akadhani hajasikia, akarudia kwa sauti. Alikuwa amesikia. Alisema mwaka ule wa semina ndio aliomuuliza mke wake nyenje wa nyumbani wamekwenda wapi, mbona usiku hawalii tena, na mke wake akamcheka. Alidhani ni dawa za mashambani. Jana kitandani amelala akihesabu nyuma, akakuta nyenje walinyamaza kabla ya sindano kupungua. Kwa hiyo ni kuanzia hapo, misimu sita. Haiwezekani achague mwenyewe mwaka wa kuanza kuwa kiziwi.

Precious akatueleza maana yake. Misimu sita ikitoka, hakuna anayeweza kusema chochote kuhusu sindano wa leo. Ripoti itasema hatujui, na mradi utaomba msimu mmoja zaidi wenye wasikilizaji wawili waliopimwa masikio. Kinamasi kitasubiri mwaka, labda. Na mzee hatakuwa mmoja wa wasikilizaji hao. Hilo la mwisho alilisema akiangalia karatasi, kwa sauti ndogo, ikabidi mimi nilirudie. Nimewahi kuwarudishia watu maneno mengi kwenye maisha yangu, hilo sitamani tena.

Akaitikia kwa kichwa. Akauliza kama kuna fomu ya kusaini.

Ilikuwepo, lakini si yake. Kwa utaratibu wa mradi karatasi haichanwi. Inapigwa mstari mmoja wa kalamu kutoka kona hadi kona, yaliyo chini yaendelee kusomeka, na anayepiga mstari ni yule aliyeandika. Karatasi mia moja arobaini na nne, kwa mwandiko wangu. Tulipelekwa chumba cha nyuma chenye makabati na meza ndefu. Nikamwambia mzee aende tu nyumbani, Ng'washi anasubiri, hii nitamaliza mwenyewe. Akavuta kiti akakaa karibu nami, akaanza kunifungulia mafaili.

Karatasi ya kwanza ilikuwa nzito. Kituo cha kwanza, mwaka wa semina, nilikuwa nimeandika vizuri siku ile, hata mawingu nilikuwa nimeyaeleza. Nikapiga mstari.

"Hapa nilitaja wawili," Luhende akasema, kidole chake juu ya karatasi. "Wewe uliwasikia wangapi?"

Siku ile niliikumbuka, kulikuwa na mtumbwi uliokwama kwenye matete na mwenye mtumbwi alikuwa anaimba tenzi. Nikamwambia wanne.

"Wanne," akarudia, kama mtu anayepokea salamu za ndugu wa mbali. Akanisogezea karatasi ya pili.

Tukaenda hivyo. Ananiuliza, namjibu, napiga mstari, natia saini. Alikuwa anachangamka kadiri tunavyoendelea. Kituo cha sita alicheka, akasema alijua pale lazima wawe watatu, pale mafunjo ni mazito. Karatasi thelathini za kwanza nilizikumbuka kweli, au nyingi kati yazo. Baada ya hapo nani anaweza kukumbuka? Asubuhi zote zinafanana, umande, mgongo wake, kalamu yangu. Lakini alikuwa anauliza kila karatasi, na kila nikisita alikuwa ananyanyua macho. Nikawa namwambia tu. Watatu. Watano. Hapa walikuwa wawili na mmoja kwa nyuma. Miaka kumi na moja sikuwahi kuandika ndege ambaye sikutajiwa, na siku ile nilitaja ndege mia na zaidi ambao Mungu ndiye anayejua kama walikuwepo, nikiwa na hakika wengi wao walikuwepo, na sikuona haya hata kidogo.

Mchana ukapita. Precious alituletea chapati na chai, akatutazama, akatoka. Mkono wangu ulikuwa umekufa ganzi.

Karatasi ya mwisho ilikuwa ya jana yake, kituo cha ishirini na nne. Luhende hakuuliza idadi. Hiyo alikuwa anaijua, niliwahesabu mbele yake. Aliishika karatasi kidogo kabla ya kunipa.

"Anaimbaje?" akauliza. "Nimeanza kumsahau."

Nikasema mimi siwezi, si mtu wa mluzi. Akasema nijaribu. Basi nikaweka kalamu chini, nikalowesha midomo, nikatoa mluzi kati ya meno, mwembamba kadiri nilivyoweza, unapanda, unakatika, unapanda tena. Ulitoka vizuri kuliko nilivyotegemea. Yeye alikuwa ameinama karibu, ananiangalia midomo. Nilipomaliza akabaki hivyohivyo, anasubiri nianze.